Nils Bohlin: Mhandisi wa ndege aliyeacha mkanda unaoshika kiti cha mtoto

MSIMU wa kahawa unapomalizika katika milima ya Manyovu na malipo yakishaingia mikononi mwa wakulima, mazungumzo ya kununua gari huanza katika nyumba zile ambazo mavuno yamezijalia. Mwingine anataka gari la kupeleka ndizi na maharage Kasulu. Mwingine anataka la biashara ya abiria hadi Kigoma mjini au mpakani na Burundi. Lakini kwa baba na mama wenye watoto wanne, watatu kati yao wakiwa hawajafikisha miaka saba, gari hilo hilo ndilo litakalowapeleka watoto hospitali, shule, kanisani au msikitini, na wakati wa likizo kuwasalimia bibi na babu Kibondo.

Maswali ambayo mnunuzi humuuliza muuzaji yanafahamika. Injini ina ukubwa gani? Linakula mafuta kiasi gani? Spea zake zinapatikana Kasulu au mpaka ziagizwe Dar es Salaam? Liko juu kiasi cha kupita njia ya shambani wakati wa masika? Linabeba watu wangapi? Swali moja huachwa, nalo ndilo linalowahusu zaidi wale watoto: gari lina mikanda mingapi, na ni mikanda ya aina gani?

Swali hilo lina historia ndefu, na katikati ya historia hiyo yupo mhandisi mmoja wa Sweden aliyefariki dunia mwaka 2002. Jina lake ni Nils Bohlin. Watu wachache wanalijua jina hilo, lakini kazi ya mikono yake imo karibu katika kila gari linalopita barabara ya Kasulu kwenda Manyovu, iwe Noah, Hilux au Land Cruiser. Ni ule mkanda unaoanzia juu ya bega, ukakatiza kifua, ukapita kiunoni na kufungwa pembeni mwa nyonga.

Kijana wa Härnösand

Nils Ivar Bohlin alizaliwa Julai 17, 1920 katika mji wa Härnösand, ulioko pwani ya kaskazini mwa Sweden, nchi ya misitu na baridi kali. Mwaka 1939 alihitimu masomo ya uhandisi wa mitambo katika mji huo huo aliozaliwa. Huo ndio mwaka ambao Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilianza barani Ulaya.

Sweden haikuingia katika vita hivyo, lakini ilijiandaa kwa kujitengenezea ndege zake yenyewe. Kazi hiyo ilifanywa na kampuni ya Saab. Mwaka 1942 Bohlin aliajiriwa na kampuni hiyo akiwa mbunifu wa ndege. Kwa Watanzania wa rika la kati jina la Saab si geni sana, kwa kuwa mwaka 1969 kampuni hiyo iliungana na Scania, watengenezaji wa malori ambayo baadaye yaliunganishwa hapa nchini, Kibaha mkoani Pwani.

Kazi iliyomjengea Bohlin sifa Saab ilikuwa ya ajabu kidogo. Alishughulikia viti vya kumrusha rubani nje ya ndege. Ndege za kivita zilikuwa zimeongezeka mwendo kiasi kwamba rubani aliyepatwa na hatari hakuweza tena kufungua mlango na kuruka mwenyewe. Ilibidi kiti chake kirushwe juu kwa nguvu, yeye akiwa amefungwa ndani yake, na mwili wake uvumilie mshtuko huo bila kuvunjika mgongo.

Kwa miaka zaidi ya 10 Bohlin alijifunza jambo ambalo wahandisi wengi wa magari wa wakati huo hawakulijua vizuri: mwili wa binadamu unaweza kustahimili nguvu kubwa kuliko watu wanavyodhani, mradi nguvu hiyo ielekezwe kwenye mifupa imara na isambazwe. Ikielekezwa tumboni penye nyama laini, inaua. Ikielekezwa kwenye nyonga na kifua, mtu anaweza kutoka salama.

Msiba uliofungua mlango

Mwaka 1958 Bohlin aliacha ndege akahamia kwenye magari. Aliajiriwa na kampuni ya Volvo ya mjini Gothenburg, akiwa mhandisi wake mkuu wa kwanza wa masuala ya usalama. Aliyemtafuta ni rais wa kampuni hiyo, Gunnar Engellau.

Engellau alikuwa na sababu zake. Ndugu yake alikuwa amefariki katika ajali ya gari, na ilionekana kwamba mkanda wa aina iliyokuwapo wakati huo ulichangia kwa udhaifu wake. Msiba ule ndani ya familia ulimfanya bosi wa kiwanda auone mkanda kuwa sehemu ya gari yenye uzito sawa na breki au usukani.

Mikanda haikuwa kitu kipya. Marubani walikuwa nayo tangu zamani, na baadhi ya magari ya miaka ya 1950 yalikuwa na mkanda wa kiunoni unaoshika sehemu mbili tu. Mkanda huo ulimzuia mtu asitupwe nje, lakini ulikuwa na kasoro kubwa. Gari likigonga, kiwiliwili kilijikunja mbele, kichwa kikapiga usukani au dashibodi, na kifungio kilichokaa juu ya tumbo kiliweza kuumiza viungo vya ndani. Ulikuwapo pia mkanda wa kukatiza kifuani peke yake, ambao mtu aliweza kuponyoka kwa chini.

Nchini Marekani walikuwapo wabunifu waliokwisha kujaribu kuunganisha mkanda wa kiuno na wa kifua kabla ya Bohlin. Lakini mpangilio wao uliacha kifungio katikati ya tumbo, mahali pale pale penye hatari.

Mkono mmoja tu

Bohlin alilitazama tatizo kwa pande mbili. Upande wa kwanza ulikuwa wa nguvu za ajali, jambo alilolijua kutoka kwenye viti vya marubani. Upande wa pili ulikuwa wa tabia za watu. Rubani hukubali kufungwa mikanda minne au mitano kwa sababu ni amri, naye anaijua hatari iliyo mbele yake. Mama anayekwenda sokoni au baba anayekwenda kazini hakubali usumbufu huo hata kwa dakika moja. Kwa hiyo mkanda wa gari ulipaswa kuwa imara kama wa ndege, lakini rahisi kiasi cha kufungwa kwa mkono mmoja na mtu yeyote.

Jibu alilolipata baada ya takriban mwaka mmoja wa kazi linaonekana rahisi leo. Utepe mmoja unashikwa katika sehemu tatu: juu karibu na bega, chini upande wa nje wa kiti, na chini upande wa ndani penye kifungio. Sehemu ya kiuno inashika mifupa ya nyonga. Sehemu ya kifua inashika mbavu na bega. Zote mbili zinakutana chini, pembeni mwa nyonga, zikiwa na umbo la herufi V ambayo ncha yake inaelekea sakafuni. Kwa mpangilio huo mkanda hauhami mahali pake hata unapovutwa kwa nguvu, na hakuna chuma kinachokaa juu ya tumbo.

Agosti 13, 1959 gari la kwanza lililotoka kiwandani likiwa na mkanda huo, Volvo aina ya PV544, lilikabidhiwa kwa wakala katika mji wa Kristianstad, kusini mwa Sweden. Mikanda ya mwanzo haikujikunja yenyewe kama ya leo, na ilibidi kila mtu airekebishe kwa kimo chake. Lakini umbo lake ni hili hili linaloonekana hadi sasa.

Biashara ya kuachia

Hapa ndipo habari ya Bohlin inapowahusu hasa wafanyabiashara. Volvo iliombea mkanda huo hataza, yaani haki ya kisheria inayompa mgunduzi mamlaka ya kuzuia wengine wasitumie ugunduzi wake bila kumlipa. Hataza ya Marekani ilitolewa Julai 1962 kwa jina la Bohlin. Kwa haki hiyo, Volvo ingeweza kudai malipo kutoka kwa kila kiwanda cha magari duniani.

Haikufanya hivyo. Kampuni iliamua kuuacha mkanda huo wazi, ili mtengenezaji yeyote autumie bila malipo. Hoja ilikuwa kwamba kitu kinachookoa uhai kina thamani kubwa zaidi kikiwa katika magari yote kuliko kikiwa katika magari ya kampuni moja. Ndiyo maana mkanda ulioko katika gari lililotengenezwa Japani na kuuzwa likiwa limetumika Tanzania ni ule ule wa Bohlin.

Hata hivyo, Volvo haikupata hasara kwa uamuzi huo. Jina lake likawa sawa na usalama kwa miongo mingi iliyofuata, na wateja wenye familia wakalifuata.

Ajali 28,000

Mkanda wa Bohlin haukupokewa kwa shangwe mara moja. Wapo walioogopa kunaswa ndani ya gari linalowaka moto au lililotumbukia mtoni. Wapo waliosema safari zao ni fupi na mwendo wao ni wa polepole. Hoja hizo zinasikika hadi leo katika vijiwe vya madereva, kuanzia Kibondo hadi Munanila.

Bohlin alijibu kwa takwimu. Mwaka 1967 matokeo ya uchunguzi wa ajali zaidi ya 28,000 zilizohusisha magari ya Volvo nchini Sweden yaliwasilishwa Marekani. Uchunguzi huo ulionyesha kwamba watu waliokuwa hawakufunga mkanda walikufa hata katika ajali zilizotokea kwa mwendo mdogo wa kilomita 20 kwa saa. Kwa waliofunga mkanda wa sehemu tatu, hakuna aliyekufa katika ajali zilizotokea chini ya kilomita 95 kwa saa.

Kilomita 20 kwa saa ni mwendo wa gari linalotafuta njia kwenye matope. Mtu anayedhani mkanda ni wa barabara kuu peke yake amekosea, na idadi hiyo ndiyo inayomkosoa. Lakini barabara nzuri nayo inaongeza hatari. Mradi wa lami wa Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu, wenye urefu wa kilomita 260.6, umeleta mwendo ambao wazee wa nyanda hizo hawakuwahi kuuona walipokuwa wakisafiri kwenye vumbi na makorongo.

Mwaka huo huo wa 1967 Sweden ilikuwa na mtihani mwingine. Hadi wakati huo magari yake yalipita upande wa kushoto wa barabara kama Tanzania, ingawa mengi yalikuwa na usukani wa kushoto. Alfajiri ya Septemba 3, nchi nzima ilihamia upande wa kulia. Mkazi wa Manyovu anaelewa jambo hilo vizuri kuliko Mtanzania wa kwingine, kwa kuwa dereva anayevuka mpaka kuingia Mugina, Burundi, hulazimika kuhama upande, mara nyingi akiwa na gari la usukani wa kulia lililotoka Japani. Dereva aliyezoea upande mmoja akighafilika, hupotea kwa sekunde chache tu, nazo zinatosha kwa ajali.

Serikali nazo zilianza kubadilika. Mwaka 1970 jimbo la Victoria nchini Australia lilikuwa la kwanza kulazimisha watu kufunga mikanda. Sweden ilifuata mwaka 1975 kwa viti vya mbele. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kufunga mkanda kunaweza kupunguza hatari ya kifo kwa waliomo ndani ya gari kwa hadi asilimia 50.

Zamu ya watoto

Mkanda wa Bohlin ulipimwa kwa mwili wa mtu mzima. Kwa mtoto wa miaka mitatu, utepe wa kifuani hupita shingoni, na ule wa kiunoni hupanda tumboni kwa sababu nyonga zake bado hazijakomaa. Kwa mtoto mchanga haufai kabisa. Pengo hilo lilizibwa na raia mwingine wa Sweden, Bertil Aldman, daktari aliyekuja kuwa profesa wa usalama barabarani katika Chuo Kikuu cha Chalmers mjini Gothenburg.

Katika miaka ya 1960 Aldman aliona jinsi wanaanga wa Marekani wa safari za Gemini walivyolazwa chali ili nguvu ya roketi isambae mgongoni mwao wote. Akafikiri kwamba mtoto naye akielekezwa nyuma, gari likigonga kwa mbele, mgongo wa kiti utampokea mwili mzima pamoja na kichwa, badala ya shingo yake laini kuvutwa peke yake. Mfano wa kwanza wa kiti hicho ulijaribiwa katika gari la Volvo mwaka 1964, na mwaka 1972 kampuni hiyo ilianza kuuza kiti cha mtoto kinachotazama nyuma. Baadaye zikafuata pedi za kumwinua mtoto mkubwa ili mkanda wa Bohlin umkae mahali pake, yaani begani na nyongani.

Hapo kazi za watu hao wawili zikakutana. Kiti cha mtoto, kiwe cha bei gani, hakijishiki chenyewe. Katika magari mengi yanayotembea Tanzania kinashikwa na mkanda wa gari. Mkanda ukiwa umekatika, umekwama au haupo, kiti kile kinageuka kuwa mzigo mwingine unaorushwa ndani ya gari.

Imani ya wazazi wengi kwamba mikono ya mama inatosha haina msingi. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 10 anavutwa mbele kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 140 hivi. Hilo ni zaidi ya gunia la mahindi la kilo 100. Hakuna mama anayeweza kulizuia gunia hilo kwa mikono, hata akiwa amejiandaa.

Miaka ya mwisho

Bohlin aliendelea na kazi Volvo hadi alipostaafu mwaka 1985. Mwaka huo huo ofisi ya hataza ya Ujerumani iliutaja mkanda wake kuwa miongoni mwa ugunduzi nane uliokuwa na manufaa makubwa zaidi kwa binadamu katika miaka 100 iliyotangulia, na hivyo kumweka katika orodha moja na watu kama Benz, Edison na Diesel. Mwaka 1999 aliingizwa katika jumba la kuwaenzi watu mashuhuri wa sekta ya magari nchini Marekani.

Alifariki Septemba 21, 2002 nchini Sweden akiwa na umri wa miaka 82. Mwaka huo huo jina lake liliingizwa katika orodha ya heshima ya wagunduzi wa Marekani. Volvo inakadiria kwamba mkanda wake umeokoa maisha ya zaidi ya watu milioni moja.

Hesabu ya mnunuzi

Kwa familia ya Manyovu inayopanga kununua gari, maisha ya Bohlin yanaacha kanuni moja: hesabu mikanda, usihesabu viti. Gari linaloitwa la watu wanane lenye mikanda mizima mitano ni gari la watu watano.

Hesabu hiyo ianze na watoto wenyewe. Mtoto mchanga anahitaji kiti kinachotazama nyuma, na akae hivyo kwa muda mrefu kadiri kiti kinavyoruhusu. Sweden watoto wengi hutazama nyuma hadi karibu miaka minne. Akikizidi hicho, anahamia kiti chenye mikanda yake kinachotazama mbele, kisha pedi ya kumwinua hadi kimo chake kifike kati ya sentimita 135 na 150. Pedi hiyo inahitaji mkanda wa sehemu tatu. Mkanda wa kiunoni peke yake haufai.

Hapo ndipo magari mengi madogo yanaposhindwa. Magari ya Kijapani ya daraja la kawaida, kama Vitz, yalitengenezwa yasizidi mita 1.7 kwa upana wa nje, kwa sababu za sheria na kodi za huko. Ukiondoa unene wa milango, kiti cha nyuma kinabana. Kiti kimoja cha mtoto kina upana wa sentimita 45 hivi, hivyo vitatu vikipangwa sambamba vinataka sentimita 135, na bado mkono unahitaji nafasi ya kufikia vifungio. Isitoshe, magari mengi ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 yana mkanda wa kiunoni tu katika nafasi ya katikati nyuma.

Gari la safu tatu kama Noah halina mwili mpana zaidi, lakini linaruhusu kuwagawa watoto: wawili pembeni mwa safu ya kati, na wengine safu ya nyuma. Gharama yake ni mafuta zaidi na nafasi ndogo ya mizigo. Kwa mkulima hilo si jambo dogo, kwa kuwa gunia la maharage likiwekwa nyuma ya watoto bila kufungwa, nalo linarushwa kama kila kitu kingine.

Probox ni gari imara na rahisi kutunza, lakini lilibuniwa kwa ajili ya kazi na mizigo. Land Cruiser zile zenye mabenchi ya nyuma yanayotazamana zinapita popote, ila kiti cha mtoto hakifungwi kwenye benchi la pembeni, kwa kuwa kilibuniwa kutazama mbele au nyuma. Hilux ya milango minne ina safu moja tu ya nyuma, na wale wanaokaa kwenye bodi nyuma hawana kinga yoyote.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aende na futi ya kupimia na, akiweza, viti vyenyewe. Avue makava ya viti, kwa sababu mara nyingi vifungio vimezikwa chini yake. Avute kila mkanda hadi mwisho aone kama umechanika au umeliwa na jua, kisha auachie aone kama unarudi. Auvute kwa ghafla aone kama unakwama inavyotakiwa. Vumbi jekundu la Kasulu huingia ndani ya kifaa cha kujikunja na kukilegeza. Mkanda uliowahi kumshika mtu katika ajali kubwa haufai tena, na kiti cha mtoto cha mtumba kilichowahi kuwa katika ajali vile vile. Na mbele ya eabegi, yaani mfuko wa hewa unaofanya kazi, kiti cha mtoto kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe, kwa kuwa mfuko huo hufumuka kwa nguvu ya kuua.

Fundi mzuri wa gereji anaweza kubadilisha mkanda mmoja au miwili mibovu. Bei yake iingizwe katika bei ya gari wakati wa kupatana, kama inavyofanywa kwa matairi yaliyoisha. Muuzaji anayeshangaa kuulizwa habari ya mikanda ya nyuma hana nia mbaya. Pengine hajawahi kuulizwa.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ilikuja miaka 14 baada ya gari la kwanza la Kristianstad, na kwa miongo mingi mkazo wa mikanda nchini ulibaki kwa dereva na abiria wa mbele. Mtoto wa nyuma aliachiwa mzazi wake. Bohlin alimaliza sehemu yake, na Volvo ikakubali kuitoa bure. Kilichobaki ni kwa baba na mama wanaosimama mbele ya gari wakiwa na fedha za kahawa mfukoni, kufungua mlango wa nyuma na kuhesabu.